Beit al-Ajaib: Jumba Lililojengwa Lionekane

Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipolimaliza Beit al-Ajaib mwaka 1883, hakulikusudia liwe la kulala. Makaazi yalikuwa hapo hapo jirani, katika Beit al-Sahel, kasri aliyoitumia baba yake, Sayyid Said, na katika Beit al-Hukm. Jumba jipya la Forodhani lilikuwa la mapokezi, karamu na sherehe za dola. Vivuko vya juu viliyaunganisha majumba hayo, ili wanawake wa ukoo wa Sultani wapite bila kuonwa na watu wa barabarani.

Barghash alikuwa na sababu ya kutaka fahari. Kimbunga cha 1872 kilimvunjia merikebu na kung'oa mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata Waingereza walimlazimisha afunge soko la watumwa. Alikuwa ameshaishi uhamishoni Bombay, alikopelekwa baada ya kushindwa kumpokonya kiti nduguye Majid, na mwaka 1875 alizuru London. Dola ilipokuwa ikibanwa, yeye alijenga: mifereji ya maji safi ya mji, kasri ya Maruhubi, kisha jumba hili, refu kuliko yote yaliyolizunguka.

Ajabu ya kwanza ya Beit al-Ajaib ilikuwa upana wa kumbi zake. Nyumba za Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ni fupi, kwa hiyo vyumba hutoka virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu. Beit al-Ajaib lilibaki na kuta nene za matumbawe, lakini sakafu zake zilitiwa mihimili ya chuma na zege. Kwa nje, nguzo nyembamba za chuma cha kusubu zilishika roshani pana kila ghorofa, zenye kivuli na upepo wa bahari. Kwa ndani palikuwa na ua mkubwa ulioezekwa, na ghorofa zote zikiuchungulia. Milango ilichongwa nakshi na aya za Kurani. Baadaye ziliingia taa za umeme na lifti, na watu wa mji wakazidi kuliita Jumba la Maajabu.

Miaka 13 baada ya kukamilika, mizinga ililifikia.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akakalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, baada ya saa tatu, manowari zao zilifyatua mizinga. Vita viliisha kabla ya saa kutimia. Upande wa Khalid, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Beit al-Hukm liliangamia, Beit al-Sahel likaharibika vibaya, na mnara uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib ukabomolewa. Jumba lenyewe lilinusurika. Katika matengenezo yaliyofuata lilipachikwa mnara wa saa katikati ya uso wake, na sura hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana na wasafiri wote wa baharini.

Kuanzia mwaka 1911 kumbi za karamu zikawa ofisi za serikali chini ya himaya ya Uingereza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Chama cha Afro-Shirazi kilifundishia humo siasa ya chama. Kila utawala ulilikuta jumba mahali penye kuonekana zaidi Unguja, na kila mmoja ukalitumia.

Hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Katika ua wa ndani liliwekwa jahazi la mtepe lililoundwa mwaka 2003, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mji Mkongwe nao ulikuwa umeshaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Hata hivyo, vitu vilivyolipa jumba upana vilikuwa pia udhaifu wake. Chuma kikiliwa na chumvi ya bahari hupata kutu, kutu huvimba, na zege linaloushika mhimili hupasuka. Sehemu ya jumba iliporomoka mwaka 2012, na makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ulianguka, na watu wawili wakafariki. Tangu hapo mjadala wa ujenzi mpya umekuwa na maswali mawili mazito: namna ya kukinga chuma dhidi ya hewa ya bahari, na kiasi gani cha kuta za matumbawe zilizobaki kinaweza kubebeshwa mzigo tena.