Voyager: Vyombo viwili vilivyovuka himaya ya Jua

VOYAGER ni jina la vyombo viwili vya angani visivyo na rubani ambavyo Shirika la Marekani la Safari za Angani (NASA) lilivirusha kutoka Cape Canaveral, Florida, mwaka 1977. Voyager 2 kilitangulia Agosti 20. Voyager 1 kikafuata Septemba 5 kwa njia fupi zaidi, kikampita mwenzake.

Ndivyo vyombo pekee vilivyowahi kutuma habari kutoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa Jua.

Safari hiyo iliwezekana kutokana na mpangilio wa sayari unaotokea mara moja katika takriban miaka 176. Chombo kilipoipita sayari moja, nguvu zake za mvutano zilikiongezea kasi na kukielekeza kwenye nyingine, bila ya kuhitaji fueli nyingi.

Mwaka 1979 ziligunduliwa volkano hai katika Io, mwezi wa Mshtarii, za kwanza kuonekana nje ya Dunia yetu. Mwaka uliofuata, Voyager 1 kilichunguza Zohali na mwezi wake Titan, kisha kikaacha njia ya sayari. Voyager 2 kiliendelea hadi Uranusi (1986) na Neptuni (1989), sayari ambazo hakuna chombo kingine kilichozifikia.

Voyager 1 kiliingia katika anga iliyo baina ya nyota Agosti 2012, na Voyager 2 Novemba 2018.

Huko mwanga wa Jua ni hafifu mno kuzalisha umeme. Vyombo hivi hutegemea joto la madini ya plutoniamu, ambalo hupungua kila uchao. Vilianza na takriban wati 470 kila kimoja, na hupoteza wati nne hivi kwa mwaka. Ili visizimike kabisa, wahandisi wamelazimika kuzima vipasha-joto na vifaa vya uchunguzi, kimoja baada ya kingine. Kati ya vifaa 10 vya awali, kufikia Machi 2025 kila chombo kilikuwa kimesalia na vitatu tu vilivyokuwa vikifanya kazi.

Umri nao una madhara yake. Novemba 2023, Voyager 1 kilianza kutuma habari zisizoeleweka. Wataalamu wa California walipekua nyaraka za miongo kadhaa iliyopita, wakabaini kwamba sehemu ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta yake ilikuwa imeharibika. Walihamishia programu mahali pengine, huku kila amri na jibu lake vikichukua takriban saa 45 kwenda na kurudi. Aprili 2024 kikaanza kueleweka tena.

Siku umeme utakapokwisha, vyombo hivi vitakuwa bubu lakini havitasimama. Kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye muziki, picha na salamu za wanadamu katika lugha 55, kwa yeyote atakayekiokota. Miongoni mwa lugha hizo zimo Kiganda, Kinyanja na Kisotho.

Kiswahili hakimo. Wala hakuna tena namna ya kukiongeza: kufikia mwaka 2025, Voyager 1 kilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa.