Ombi la Mstari Mmoja: Jinsi Programu Zilivyojifunza Kuuliza

 

Mfikirie karani mmoja aliyeketi dukani mbele ya kompyuta yake ya mezani. Anafungua programu ya hesabu, anabonyeza mara moja, na bei ya dola kwa shilingi ya siku ile inajitokeza mahali pake. Hakufungua kivinjari, wala hakusoma ukurasa wowote wa wavuti. Je, programu ile imeipata wapi habari hiyo? Imeandika barua fupi sana, ikaipeleka kwa kompyuta nyingine iliyo mbali, ikajibiwa. Barua ile huitwa ombi. Leo nitakueleza nani aliyelitunga ombi hilo, na kwa nini kulifanya fupi kulikuwa jambo kubwa.

Turudi nyuma hadi Machi 1989, katika CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Watu wa nchi nyingi walifanya kazi pale, wakitumia kompyuta za namna mbalimbali, na maandishi yaliyowekwa katika kompyuta ya namna moja yalikuwa taabu kuyapata kutoka katika nyingine. Mwingereza Tim Berners-Lee akawapelekea wakubwa wake shauri la kuyaunganisha. Kufikia mwisho wa 1990 alikuwa amekwisha kuandika programu mbili katika kompyuta iitwayo NeXT. Moja ilizitunza kurasa na kuzitoa zikiombwa. Ndiyo tuiitayo seva. Ya pili iliziomba kurasa na kuzionyesha.

Angalia vizuri hapo. Kivinjari cha kwanza kilikuwa programu ya mezani tu, chenye dirisha lake kama programu nyingine. Hapakuwa na sharti lolote kwamba kivinjari peke yake ndicho kiruhusiwe kuomba.

Na ombi lenyewe lilikuwaje? Lilikuwa mstari mmoja. Programu ilifungua njia mpaka kwenye seva, ikabisha katika mlango wenye namba 80, ikaandika neno la Kiingereza GET, maana yake "leta", ikaacha nafasi, ikaandika mahali ukurasa ulipo. Mathalani, ukurasa wa kwanza kabisa uliombwa hivi:

GET /hypertext/WWW/TheProject.html

Basi. Seva ilileta ukurasa wote, kisha ikaifunga njia, na kule kufungwa ndiko kulikokuwa alama ya kwamba jibu limekwisha. Mwombaji hakuulizwa jina lake. Jibu nalo halikuwa na namba ya kueleza kama mambo yamekwenda sawa au la. Ukurasa ulipokosekana, seva ilileta maneno ya kueleza kosa, na ilikuwa juu ya mtu kuyasoma. Programu yenyewe haikuweza kutambua kama imepewa ukurasa iliouomba au imepewa maneno ya kosa.

Utasema huo ni upungufu, nami sikatai. Lakini tazama faida yake. Mtu yeyote aliyejua kufungua njia baina ya kompyuta mbili aliweza kuandika programu ya kuomba kwa kazi ya siku chache, hata kwa mkono wake mwenyewe aliweza kuuchapa mstari ule na kuona jibu likija. Mwaka 1991 msichana mwanafunzi wa hesabu, Nicola Pellow, aliyekuwa CERN kwa mafunzo, aliandika kivinjari kilichoweza kutumika katika kompyuta za namna nyingi, hata zile zisizoonyesha ila maandishi matupu, kwa kuwa NeXT zilikuwa chache na bei yake kubwa. Baadaye kazi ya kuomba na kupokea ikatengwa na kazi ya kuonyesha, ikawekwa katika fungu lake iitwayo libwww, ili waandishi wa programu nyingine waichukue wakaitumie. Na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba programu zake za wavuti ni mali ya watu wote, pasipo malipo.

Wavuti ilipokua, mstari mmoja haukutosha. Mei 1996 ukatolewa waraka wa HTTP namba 1.0, ulioandikwa na Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk Nielsen. Sasa ombi likawa na mistari ya juu, mfano wa maelezo yanayoandikwa juu ya bahasha: ni programu gani inayoomba, na inaweza kusoma maandishi ya namna gani. Jibu likapewa namba: 200 maana yake tayari, 404 maana yake hakionekani, 500 maana yake seva yenyewe imeshindwa. Hapo ndipo programu isiyo na macho ya mtu ilipoweza kujua kama imefanikiwa. (Mstari mmojawapo, Referer, uliandikwa kwa kosa, pungufu ya herufi moja ya Kiingereza. Kosa lilipotambuliwa lilikuwa limekwisha kuenea, na mpaka leo kompyuta zote duniani huliandika hivyo hivyo kwa utii.)

Mwaka ule ule wa 1996 kulitokea jambo dogo ambalo napenda ulikumbuke. Daniel Stenberg, kijana wa Kiswidi, alikuwa na programu ya kujibu watu katika baraza moja la mazungumzo ya kompyuta, walipokutana wapenzi wa kompyuta za Amiga. Alitaka programu ile iweze kuwabadilishia watu bei za fedha za nchi mbalimbali. Bei zilikuwamo katika wavuti, nazo zilibadilika kila siku. Nani angekaa akizinakili? Akatafuta, akapata programu ndogo ya Mbrazili mmoja, Rafael Sagula, iitwayo httpget, yenye mistari mia chache tu, isiyofanya jambo jingine ila kuomba ukurasa na kuuleta. Stenberg akairekebisha, na muda si muda akawa yeye ndiye mtunzaji wake. Mwaka 1997 ikaitwa urlget, na tarehe 20 Machi 1998 ikapewa jina la curl. Mwaka 2000 ikatolewa libcurl, fungu la kutiwa ndani ya programu nyingine, ili mwandishi wa programu ya hesabu, au ya muziki, asihangaike kujifunza namna ya kuomba. Leo imo katika simu, televisheni na magari ya watu wasiopata hata mara moja kulisikia jina lake. Mwaka 2021 ilitajwa miongoni mwa programu zilizotumika katika kazi ya helikopta ndogo Ingenuity, iliyoruka katika sayari ya Mirihi. Yote hayo yalianza kwa bei za fedha.

Lakini kuomba si kupata, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa. Umewahi kuona programu ikiganda, dirisha likawa jeupe, hata kitufe cha kufunga kisisikie? Mara nyingi mwandishi wake aliituma ikaombe, akaiambia isimame mlangoni mpaka ijibiwe, na seva haikujibu. Mkono ule ule unaolichora dirisha ndio uliokwenda kungoja. Dawa yake ni kumpa kazi ya kungoja mtumishi mwingine ndani ya programu, na kumwekea muda: usipojibiwa katika nukta kumi, rudi ueleze.

Liko jambo kubwa kuliko hilo. Mbali na GET, waraka wa 1996 ulieleza neno POST, ambalo hupeleka kitu kwa seva ili kifanyiwe kazi. Kuomba bei ya dola mara mbili hakumdhuru mtu. Lakini siku hizi programu hulipisha fedha kwa njia hii hii. Huko Kenya, mathalani, Safaricom ilifungua mwaka 2017 njia iitwayo Daraja, ambayo kwayo programu ya mfanyabiashara huweza kuipelekea M-Pesa ombi la malipo. Sasa fikiri: programu yoyote ya malipo imepeleka POST, na kabla jibu halijarudi mtandao umekatika. Je, fedha zimetolewa au hazijatolewa? Programu haijui. Ikirudia ombi, mteja aweza kulipa mara mbili. Isiporudia, muuzaji aweza kukosa fedha zake. Waraka uliofuata, wa HTTP 1.1 uliotolewa Januari 1997, ulitenga maombi yanayoweza kurudiwa bila madhara na yasiyoweza, na GET ikawekwa upande mmoja, POST upande wa pili. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu hulipa kila ombi la malipo namba yake ya pekee, ili seva ikiiona namba ile mara ya pili ijue ni barua ile ile.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Maombi mengi hufungwa kwa siri njiani, na tangu HTTP 2 ya mwaka 2015 hayapelekwi tena kwa maandishi ambayo jicho laweza kuyasoma. Hata hivyo, GET bado ni GET, na 404 bado ni 404.

Kazi ya wiki hii. Kama unayo kompyuta ya Windows iliyotengenezwa baada ya 2018, au ya Apple, curl imo ndani yake tayari. Fungua dirisha la kuandikia amri, uchape maneno haya:

curl -v http://info.cern.ch

Mistari yenye alama ya > mwanzoni ni ile uliyoipeleka wewe. Yenye alama ya < ni ya seva. Tafuta neno GET, kisha tafuta namba ya jibu. Halafu ongeza mwishoni mwa anwani jina la ukurasa usiokuwapo, uombe tena, uandike katika daftari lako ni nini kilichobadilika.