Kutoka Cîteaux hadi Peramiho

Mwaka 1098 wamonaki wachache walihamia Cîteaux, katika eneo la Bourgogne nchini Ufaransa, wakitaka kuishika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuilegeza. Kanuni inamtaka mmonaki ale jasho la mikono yake, na inamruhusu kipimo kidogo cha divai kila siku. Basi wakapanda mizabibu. Shamba lao la Vougeot, lililoanza karne ya 12, walilizungushia ukuta wa mawe. Lina hekta 50 hivi. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya, na leo limegawanyika kwa wamiliki wapatao 80. Ukuta ungalipo, na divai yake ingali ikiitwa Clos de Vougeot.

Miaka 800 kamili baada ya Cîteaux, mwaka 1898, Kanuni hiyohiyo ilifika Ungoni, nchi ya Wangoni kusini mwa Tanzania ya leo. Padre Cassian Spiss, Mbenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, alifungua misheni Peramiho, magharibi ya Songea. Pamoja na mapadre walikuja mabruda wenye ufundi wa mikono.

Agosti 1905, vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vilipowaka, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa njiani karibu na Liwale. Mwaka huohuo Peramiho ikachomwa moto. Lakini anayesimulia moto ule asimulie pia kodi, kazi za shuruti na viboko vya Wajerumani, na vitanzi vya Februari 1906 vilivyomwua Nkosi Mputa, mtawala wa Wangoni, na wenzake. Songea Mbano, kiongozi mwingine wa Wangoni, naye alinyongwa, na mji ukabaki na jina lake. Sioni haki kuyalilia majengo ya misheni na kuwapita hawa.

Misheni ilijengwa upya. Mwaka 1931 ikawa abasia. Ikawa na hospitali, karakana, kiwanda cha uchapaji, na kanisa kubwa lililojengwa miaka ya 1940.

Mbona haikupata jina kwa divai? Songea hupata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na mzabibu unaoloweshwa majani miezi mfululizo huliwa na ukungu. Divai ya Tanzania ilipata makao Dodoma, penye mvua kama nusu ya hiyo, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ungoni ni nchi ya mahindi.

Urithi wa Peramiho ulipita njia nyingine. Miaka ya 1950 ilianzishwa Hanga, jumuiya ya wamonaki Waafrika, ambayo baadaye nayo ikawa abasia, ikiishika Kanuni ileile iliyowapeleka wenzao Cîteaux.