Tauni ya Usambara na Wanyama wa Nyumbani

Wasikilizaji, sisi tukaao Korogwe na Handeni twaiona milima ya Usambara, na mazao yake twayala: viazi, kabichi na matunda huteremka Mombo kwa njia ile ile wapitayo watu. Kwa hiyo tauni ilipozuka wilaya ya Lushoto mwaka 1980, haikuwa habari ya nchi ya mbali. Ilirudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, ikawapata maelfu ya watu na kuwaua mamia.

Kijidudu cha tauni kilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha ya kuwa kiroboto ndiye mchukuzi. Mwaka huo huo Robert Koch alithibitisha ya kuwa maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu wa Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, ni tauni. Panya akifa mwili wake hupoa, na viroboto humhama kutafuta damu yenye joto.

Hapo ndipo wanyama wetu waingiapo. Mbwa huwinda vichakani, hula panya, kisha hurudi kulala chini ya kitanda cha watoto. Mara nyingi yeye mwenyewe haugui sana. Lakini wataalamu walipopima damu ya mbwa wa Lushoto, waliona dalili ya kuwa baadhi yao walikwisha kukutana na tauni. Paka ni mwingine. Yeye huugua hasa, na huweza kumwambukiza mtu kwa kuuma, kuparua au kukohoa. Huko Marekani, tangu 1977 hata 1998, watu 23 waliipata tauni kwa paka, na 5 wakafa.

Wako wasikiao haya wakataka kuwaua mbwa na paka wote. Twaona hiyo ni hasira tu: viroboto wa mnyama aliyeuawa huhama kama wale wa panya. Afadhali mnyama alale nje, atiwe dawa ya viroboto, na mahindi yasiwekwe chumbani.

Mtu akishikwa na homa kali ya ghafula, pamoja na mtoki uumao kinenani au uvimbe kwapani, apelekwe hospitali siku ile ile. Streptomaisini huponya ikiwahi. Naye amweleze tabibu kama nyumbani wamekufa panya au ameugua paka, kwani tabibu wa huku bondeni huenda asiidhanie tauni.