Wentworth Cheswell wa Newmarket

Aghalabu wapendao habari za vita vya uhuru wa Marekani humtaja Wentworth Cheswell kwa ajili ya farasi wake, kwani alikuwa mjumbe wa kamati ya usalama ya mji wa Newmarket, katika New Hampshire, akipeleka na kuleta habari baina ya mji huo na Exeter, walikokutana wakuu wa uasi. Sifa hiyo ni haki yake. Lakini naona kuwa wamemsifu kwa lililo dogo katika maisha yake, na lililo kubwa wakaliacha.

Alizaliwa mwaka 1746 katika nasaba ambayo, kwa desturi za nchi ile, haikutazamiwa kutoa kiongozi. Babu yake, Richard, alikuwa mtumwa mweusi aliyepata uhuru, naye mwaka 1717 alinunua ekari 20 za ardhi kwa hati inayohesabiwa kuwa ya kwanza ijulikanayo katika New Hampshire kumpa mtu mweusi ardhi. Baba yake, Hopestill, alikuwa fundi stadi wa nyumba, na kazi ya mikono yake ingali yaonekana Portsmouth katika ile nyumba alimopanga nahodha John Paul Jones. Fedha za ufundi huo ndizo zilizompeleka kijana Wentworth katika chuo cha Dummer, huko Byfield, wakati elimu ya namna ile ilipokuwa adimu hata kwa watoto wa wakulima weupe. Na aliporudi kwao akawa mwalimu, akamwoa Mary Davis mwaka 1767, wakajaaliwa watoto 13.

Mwaka mmoja baada ya ndoa, mkutano wa mji ukamchagua kuwa konstebo. Vita vilipoanza alitia sahihi ile ahadi ya 1776 ya kuwapinga Waingereza kwa silaha, na mwishoni mwa Septemba 1777, jemadari wa Kiingereza Burgoyne alipokuwa amekwisha shuka na jeshi lake kutoka Kanada, Cheswell alijiunga na kikosi cha farasi cha John Langdon kilichokwenda Saratoga. Burgoyne akasalimu amri tarehe 17 Oktoba, na mwezi huo ulipokwisha uaskari wa Cheswell nao ukaisha: takriban mwezi mmoja katika umri wa miaka 70.

Miaka iliyobaki aliutumikia mji wake kwa kalamu. Katika miji ya New England wenyeji wenye haki ya kura walikutana wakawachagua wasimamizi wao, na uchaguzi huo ulirudiwa kila mwaka, hata asiyeaminika hakuwa na pa kujificha; na mtu huyu, ambaye kila jirani aliijua asili yake, aliendelea kuchaguliwa karibu kila mwaka hadi kufa kwake, mara mzee wa mji, mara mkadiria kodi, mara mkaguzi wa hesabu, mara mwenye kiti cha mkutano. Kuanzia 1805 alikuwa hakimu wa amani, akiandika hati, wasia na mikataba ya watu, na kuwasikiliza wagombanao. Alinakili kumbukumbu za kale za mji, akaandika maelezo ya vitu vya kale vilivyochimbuliwa hapo, na mwaka 1801 alikuwa miongoni mwa walioanzisha maktaba ya Newmarket. Kazi kama hizi hazipigiwi ngoma, bali bila ya hizo hakuna mji.

Alifariki Machi 1817. Miaka mitatu baadaye, katiba mpya ya Missouri ilipotaka kuwazuia watu weusi na machotara walio huru wasiingie katika jimbo hilo, seneta David Morril wa New Hampshire alisimama mbele ya Baraza la Seneti akalitaja jina la Cheswell, akieleza uwezo wake, mali yake na nyadhifa alizoshika kwa ustadi, ili wenziwe wajue ni raia wa namna gani watakaofungiwa mlango. Missouri ilikubaliwa kuwa jimbo mwaka 1821, na kifungu kile hakikufutwa.