Mtu wa bustani aliyekubali kuwatazama watoto

Leo siongei juu ya mbolea wala muhogo. Nawaletea historia ya mbali kidogo, juu ilinisaidia kuelewa kosa langu mwenyewe.

Huko Denmark kulikuwa mtu mmoja, Carl Theodor Sørensen, aliyezaliwa mwaka 1893. Kazi yake ilikuwa kupanga bustani, na alichora pia viwanja vya watoto kuchezea. Kisha akaona jambo la kumsumbua: watoto wanaacha viwanja vile vizuri, wanakimbilia kwenye nyumba zinazojengwa, wacheze na mbao, matofali na mchanga. Sisi wengine tungesema: hawa hawana adabu, wekeni sentineli! Yeye hakuwalaumu watoto. Alijiuliza juu ya kazi yake mwenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1931 alipendekeza kiwanja cha namna ingine, chenye vitu vilivyotupwa, fasi watoto watajenga na kubomoa wenyewe.

Wazo hilo lilingoja miaka 12. Kiwanja cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1943 kule Emdrup, katika mji wa Copenhagen, wakati nchi ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Msimamizi wake wa kwanza, John Bertelsen, zamani alikuwa baharia. Hakusimama mbele kama mwalimu wa darasa. Alikuwa karibu, alitafuta vyombo, alisaidia alipoitwa. Mwaka 1946 Mwingereza Marjory Allen, naye mtu wa bustani, alitembelea Emdrup. Aliporudi alipigania wazo lile, na London ikapata viwanja kama hivyo kwenye fasi zilizobomolewa na mabomu.

Kwa nini ninawaambia haya? Juu mimi nilifanya kinyume.

Nilipomaliza lisansi, kazi hakuna. Nikakubali kusimamia bustani ya shule moja ya primere, kila Jumamosi asubuhi. Nilipima matuta ya lengalenga kwa kamba, yamenyooka kabisa. Siku moja nikakuta watoto wamejenga baraji ya matope, mawe na mbegu za avoka, upande wa juu wa bustani. Nikaona ni mchezo wa bule. Nikaibomoa kwa jembe. Mtoto mmoja wa miaka kama tisa alinitazama tu, akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Nikauliza benzake. Mmoja akajibu: "Mwalimu, hatakuya tena. Ulimubomolea baraji yake. Ile maji ya barabara inabebaka mbegu zetu, ye ndiye aliiona."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Memware yangu ilikuwa juu ya mmomonyoko wa udongo! Lakini ile maji sikuiona, juu nilifika na kamba yangu tayari mkononi.

Nilienda kwao, nikamwomba musamaha mbele ya mama yake. Mama alicheka, mtoto hapana. Jumamosi ya tatu akarudi, bila kunisemesha, akaanza kujenga upya. Nami nikabeba mawe, nikamuuliza moja moja: "Hili niweke wapi?" Alinionyesha kwa kidole tu.

Sisemi tuwaache watoto peke yao. Panga bado ninaziweka mbali, na Bertelsen naye hakukaa nyumbani. Ninasema mtu mzima anaweza kuwepo bila kuamuru kila kitu. Mtoto anayecheza yuko anafanya utafiti, na sisi tukikosa subira ya kutazama, tunabomoa jibu tulilokuwa tunatafuta.

Na si watoto tu. Mara ngapi tumefika kwa mukulima, mama mwenye miaka 30 katika shamba lake, tukaanza kufundisha kabla ya kuuliza kwa nini amepanda vile? Kisha tunasema anakataa maendeleo.

Kila mmoja ajibu mwenyewe. Mimi kwanza.