Kabla Hujamlaumu Mchimba Dhahabu

Kila nikisoma kuhusu zebaki, mshukiwa ni yule yule: mchimba dhahabu. Hata mimi niliamini hivyo, hadi nilipokutana na habari za Mto Tapajós, kule Brazil.

Miaka ya 1990, samaki wa mto huo walikutwa na zebaki, na lawama zikawaangukia wachimbaji. Wanasayansi, wakiwemo Marc Roulet na Marc Lucotte, wakaamua kuuhoji udongo wenyewe. Hawakupima kiasi tu. Waliutia udongo kemikali inayoyeyusha oksidi za chuma, yaani ile kutu inayoupa wekundu. Kumbe zebaki ilikuwa imeng'ang'ania hapo hapo! Nyingi ilikuwa ya asili, iliyojikusanya tangu zamani sana. Wakahitimisha kwamba msitu ukifyekwa, mvua husomba udongo huo hadi mtoni.

Hilo halimsafishi mchimbaji. Mvuke wa zebaki anayoichoma unamdhuru yeye kwanza. Lakini hapa kwetu Migori, ambako dhahabu bado hunaswa kwa zebaki, kujua kiasi pekee hakutoshi. Tukitaka haki, tuulize pia: imeshikwa na nini, imetoka wapi, na nani alikata miti?